Maoni Namba Kumi na Nne

Asubuhi moja ya Novemba, mwaka 1991, Omari alisimamisha Landrova ya ofisi mbele ya meza ya samaki ya mke wake, Mwanaupe, pale Mukendo mjini Musoma. Alikuwa anamwendesha bwana Luhende, mkuu wa idara, na bwana Luhende hakuwa akienda Bunda bila samaki.

"Shikamoo, mzee," Mwanaupe alisema.

"Marahaba, mama. Nifungie sato watatu. Mmoja wa njiani, wawili wa wenyewe."

"Wenyewe hawajambo?"

"Funga samaki, mama."

Mwanaupe akawafunga, kila samaki na karatasi yake, akawapanga kwenye kikapu. Magazeti ya kufungia yalikuwa adimu, kwa hiyo alitumia kurasa za madaftari ya shule. Alipewa na jirani yake Getruda, mke wa mwalimu Alfonce. Mwalimu alikuwa ametunza madaftari ya wanafunzi wa miaka ishirini, na Getruda aliyapunguza kidogo kidogo wakati mwenyewe hayupo. Wateja walishazoea. Mtu alikula samaki huku anasoma hesabu za mtoto wa mwenzake, akajua nani alipata sifuri.

Bwana Luhende alikuwa msomaji kuliko wote. Gazeti lilikuwa likifika Musoma likiwa na umri wa siku tatu, naye hakuweza kushika maandishi bila kuyasoma, tena kwa sauti.

Miguuni mwake kulikuwa na mkoba mweusi. Ndani ya mkoba kulikuwa na orodha ya watumishi watakaopunguzwa kazi, inayopelekwa kikaoni Bunda. Idara ilikuwa na madereva wanne na ilitakiwa kubaki na watatu. Karani alikuwa amemnong'oneza Omari kwamba nafasi ya jina la dereva bado iko wazi. Mzee ataijaza mwenyewe njiani au hukohuko. Omari alikuwa na miaka kumi na mmoja kwenye usukani ule. Hakuwa na shamba, hakuwa na mtumbwi. Kazi aliyoijua ilikuwa hiyo.

Walipoipita Nyakato, bwana Luhende akafungua samaki wa kwanza, akaitazama karatasi.

"Ohoo. Leo si hesabu." Akaisogeza kwenye mwanga. "'Maoni ya wananchi kwa Tume. Mukendo. Namba moja.'"

Omari aliitupia jicho karatasi ile.

Alilijua daftari lile. Watu walikuwa wameambiwa kwamba tume ya kukusanya maoni itapita kuwauliza kama wanataka chama kimoja au vingi, na mwalimu Alfonce alijitolea kuwaandikia majirani walioogopa kusimama mkutanoni. Kila jioni walikaa barazani kwake, wakanywa kahawa, wakatoa maoni. Walianza kwa adabu, wakaishia kushindana kuchekesha. Mwalimu aliandika neno kwa neno. Kila maoni aliyapa namba, na majina aliyaweka kwenye ukurasa wa peke yake mwishoni, mbele ya namba zake, ili tume ikimhitaji mtu impate. Daftari lenyewe lilikuwa la kijani, sawa na madaftari mengine yote ya nyumba ile. Getruda angejuaje?

"'Namba moja,'" bwana Luhende alisoma, mdomo una samaki. "'Sitaki vyama vingi. Chama kimoja kikija kijijini kinachukua kuku mmoja. Vikija kumi nitabaki na banda.'" Akacheka hadi akapaliwa. "Huyu ana akili. Unasikia, Omari?"

"Nasikia, mzee."

"'Namba mbili. Warusi wameacha ujamaa. Ikiwa mwenye duka mwenyewe ameikimbia bidhaa yake, sisi wachuuzi tunangoja nini?' Mh. Huyu ana mdomo. 'Namba tatu. Wakubwa wa dunia walikwenda kupigania Kuweiti kwa sababu ina mafuta. Je, sisi tukivamiwa, nani atakuja kupigania dagaa?'"

Alicheka tena, lakini kidogo. Akaendelea. Namba nne alisema mzee wa Zambia ameshindwa uchaguzi, amekwenda zake nyumbani, na asubuhi yake jua limechomoza upande uleule. Namba tano alisema zamani mitumba ilikuwa dhambi, sasa katibu anavaa koti lenye jina la Mjerumani mgongoni na anahutubia nalo kuhusu kujitegemea.

"Watu wanasemaga hivi huko kwenu?" bwana Luhende aliuliza.

"Watu wanasemaga mengi, mzee."

"Na wewe?"

"Mimi naendeshaga."

Bwana Luhende akamtazama kidogo, halafu akautupa mfupa dirishani. Karatasi hakuitupa. Aliikunja akaiweka juu ya goti.

Walikunja kona ya Kiabakari, wakaiacha lami kuelekea Butiama. Kulikuwa na barua ya kufikisha kwenye mji wa mtu mmoja karibu na Mwitongo. Omari alihesabu moyoni. Ukurasa wa mwalimu ulikuwa ukibeba maoni saba au manane. Ukurasa wa pili ungefika kumi na nne.

Bwana Luhende alikuwa ameshiba. Hata hivyo alimfungua samaki wa pili, akamweka uchi kikapuni, akachukua karatasi tu.

"Tuone wenzao."

Barabara ilikuwa na mashimo. Omari hakukwepa hata moja. Alitaka maandishi yacheze, lakini bwana Luhende alikuwa mtu wa safari. Aliishika karatasi kwa mikono miwili na kusoma kila namba hadi mwisho. Namba tisa. Namba kumi na moja. Sasa alikuwa hacheki. Namba kumi na tatu alitaka kujua kwa nini sukari ilirudi dukani siku ileile watu binafsi waliporuhusiwa kuiuza, na ilikuwa imejificha wapi miaka yote.

"'Namba kumi na nne. Mimi ni dereva wa serikali.'"

Omari alibadilisha gia bila sababu.

"'Wakubwa wetu wanasema vyama vingi vitaligawa taifa. Bosi wangu ana nyumba tatu, moja Musoma, moja Bunda, moja Tarime. Zote zinampigia kura, na yeye mwenyewe bado ni mzima, hajagawanyika. Nashauri tujaribu.'"

Siku ile barazani walicheka hadi Getruda akatoka ndani kuuliza kuna nini. Ni mwalimu peke yake ambaye hakucheka. Aliinua kalamu akauliza, "Omari, hiyo ya tatu una uhakika nayo?" Omari akamjibu, "Andika tu, mwalimu, tatu inanoga kuliko mbili."

Bwana Luhende aliurudia mstari ule kimyakimya. Midomo yake ilikuwa inatembea.

"Madereva wa serikali Musoma mko wengi?"

"Wengi, mzee. Kuna wa maji, wa kilimo, wa hospitali."

"Mwenye nyumba Bunda na Tarime?"

Omari akaliingiza gari kwenye shimo jingine.

"Mkeo karatasi hizi anazitoa wapi?"

"Kwa watu, mzee. Kila mtu anamletea."

"Kila mtu." Bwana Luhende akaipindua karatasi, akaangalia nyuma, akairudisha. "Aliyeandika hapa ni mtu wa utaratibu. Ameweka namba. Mtu anayeweka namba ana majina mahali."

Akainama kumtazama samaki wa tatu, ambaye alikuwa bado amefungwa. Mafuta yalikuwa yamepenya karatasi, na kwa ndani yalionekana maandishi mafupi mafupi yaliyopangwa moja chini ya jingine.

Wakati huohuo walikuwa wamefika. Mwenyeji alikuwa amesimama njiani na watu wake, amevaa koti, anapunga mkono, na mlango wa gari ukafunguliwa kutoka nje kabla Omari hajazima injini. Bwana Luhende alishika barua. Zile karatasi mbili akazitia mfukoni. Akageuka.

"Huyo wa tatu usimguse. Nikirudi nitamsoma."

"Ndiyo, mzee."

Waliingia ndani. Omari alibaki na kikapu.

Aliinua ukingo wa karatasi kwa kidole kimoja. Yalikuwa majina. Moja: Magesa, fundi baiskeli. Mbili: Yunusu, muuza duka. Saba: Tabu, mjane, ambaye mwanawe alikuwa anangoja kuajiriwa serikalini. Tisa: Mwanaupe, mama samaki. Kumi na nne: Omari, dereva. Ishirini na mbili: Alfonce, mwalimu mstaafu, mwandishi wa maoni haya, na saini yake chini, safi kabisa.

Alikaa akafikiri taratibu, kama anavyofikiri mtu aliyeharibikiwa na gari mbali na gereji. Akiuchana mstari wake tu, pengo litamtaja kuliko jina. Akiiacha karatasi, yeye amekwisha, na wengine ishirini na mmoja wanaingia pamoja naye kwenye daftari jingine ambalo hakuna ajuaye linasomwa na nani. Akiiharibu yote, wengine watapona. Lakini yeye ndiye aliyeachiwa kikapu, na mtu asiye na jina ndani hana haja ya kuharibu majina. Aliligeuza jambo hilo mara mbili, na mara zote mbili hakuiona njia inayomtoa yeye. Kulikuwa na njia ya kuwatoa wenzake tu.

Ndani ya nyumba mtu alicheka, viti vikaburutwa. Walikuwa wanasimama.

Omari akateremka na kikapu. Nyuma ya nyumba mama mmoja alikuwa anasonga ugali kwenye jiko la nje.

"Shikamoo, mama. Samaki wangu amelowanisha karatasi. Nitapata jani?"

"Marahaba. Migomba hiyo, baba, chukua."

Alikata jani, akamfunga samaki. Karatasi akaisukuma chini ya sufuria. Ilikuwa na mafuta. Ilishika moto mara moja, ikanyanyuka, na kwa kitambo kidogo majina yote yakasomeka meusi juu ya wekundu. Kisha yakaanguka.

"Inanukia," mama yule alisema.

"Mke wangu ndiye mkaangaji."

Bwana Luhende alimkuta amesimama kando ya mlango wa gari. Akapanda. Akakiangalia kikapu, akaliona jani la mgomba, likiwa bado bichi, limefungwa kwa ukamba wake.

"Karatasi iko wapi?"

"Ililowa mafuta, mzee. Imeingia motoni."

"Imeingia yenyewe?"

"Nimeitia mimi."

Bwana Luhende alivuta mkoba mweusi, akauweka mapajani, akaufungua. Omari aliwasha gari. Kwa pembe ya jicho aliiona orodha ikitoka, iliyopigwa chapa, na kalamu ikitolewa kwenye mfuko wa shati. Kalamu ilikaa juu ya karatasi. Walirudi Kiabakari, wakaingia lami, wakashika njia ya Bunda, na kalamu ilikuwa bado haijagusa kitu. Gari lilikuwa linakwenda laini sasa. Mtu angeweza kuandika jina bila kukosea herufi.

"Mwaka jana mwezi wa nne," bwana Luhende alisema ghafla, "nani alipeleka barua yangu Tarime?"

"Mimi, mzee."

"Ilisema nini?"

"Ilikuwa imefungwa, mzee."

"Omari."

"Ilisema mambo yamekwisha. Yule mama aliisoma mbele yangu. Halafu akanirushia bakuli."

"Kwa hiyo nyumba ni ngapi?"

"Mbili, mzee."

"Mbili. Dereva wangu anajua kwamba ni mbili. Alirushiwa bakuli." Bwana Luhende aliitoa ile karatasi ya pili mfukoni, akaikunjua, akaweka kidole kwenye namba kumi na nne. "Huyu anasema tatu. Huyu hana habari. Ni dereva wa mtu mwingine."

"Inaonekana hivyo, mzee."

"Haionekani. Ndivyo ilivyo."

Akaandika jina kwenye orodha. Lilikuwa fupi au refu, Omari hakuthubutu kugeuza shingo. Orodha ikarudi kwenye mkoba, mkoba ukafungwa. Lakini karatasi ya samaki haikuingia humo. Bwana Luhende aliikunja mara nne, polepole, akaitia kwenye mfuko wa shati lake jeupe, akaupapasa.

Walipoanza kuziona nyumba za Bunda, akasema, "Kikao saa nane. Kwanza tupite kwa Dafroza, samaki wasipoe. Na Jumatatu saa moja kamili uwe ofisini. Tuna safari."

"Saa moja kamili, mzee."

"Mwambie mkeo atafute magazeti."

"Nitamwambia."

Omari akapunguza mwendo, akakunja kuingia kwenye mtaa alioujua. Mbele ya nyumba ya pili ya mzee, yenye mlango wa bluu, Dafroza alikuwa amekwisha simama, mikono kiunoni. Bwana Luhende alichukua kikapu, akanyoosha kola. Pale mfukoni, juu ya moyo, doa la mafuta lilikuwa limeanza kutokeza, na lilikuwa linazidi kupanuka.

Omari aliliona. Alitazama mbele, akazima injini.