Kapteni wa Kilimani

Watu wa huku kwetu vilimani, Kilungu, humwita mume wangu kapteni, na mimi nimechoka kuwarekebisha. Kiema hakuwa kapteni. Alikuwa baharia wa meli za mizigo, na mwisho akapanda akawa msimamizi wa sitaha, yule anayesimama nyuma ya wenzake akiwaambia kamba ivutwe wapi na kutu ikwanguliwe wapi. Aliondoka hapa mwaka wa sitini na tatu akiwa kijana wa kuchunga mbuzi, akaenda Mombasa kutafuta kibarua bandarini, na bandari ikampitisha hadi Bombay, Antwerp na kwingine ambako hata yeye alikukumbuka kwa baridi yake tu. Alikuwa anakuja likizo, ananiachia mimba na vitambaa, anaenda zake. Watoto wetu walimjua kama mgeni wa Krismasi.

Mwaka wa themanini na tano kampuni ikauza meli zake, naye akarudi na mkoba wake wa turubai akasema sasa amekuja kukaa. Nilifurahi. Nisiseme uongo, nililia. Sikujua kwamba mtu anaweza kukaa nyumbani na bado akawa kazini.

Kwanza alipaka rangi. Mlango wa choo, mabati, kitako cha kinu, hata jiwe la kufulia, vyote vikawa vyekundu kama matumbo ya meli. Kisha akafunga mbuzi kwa fundo ambalo hakuna mtu kijijini aliyeweza kulifungua, na siku aliyokwenda sokoni Nunguni ikabidi nikate kamba nzima kwa panga. Nilinyamaza. Nilijiambia mwanamume anazoea nchi kavu polepole, na haraka haraka haina baraka.

Lakini mtaro haukuwa jambo la kunyamazia.

Shamba letu liko kwenye mteremko. Mvua za Aprili zilikuwa zimekwangua udongo wote wa juu, ukaenda kwa Ndululu, jirani wa chini, ambaye alikuwa akinitania kwamba mahindi yake yamemea kwa jasho langu. Mvua za Novemba zilikuwa zimekaribia. Bila mtaro mwingine wa kukinga maji, nisingebaki na kitu cha kulima ila mawe. Na mtaro wa urefu ule mtu hauchimbi peke yake. Huchimbwa na mwethya, kikundi cha majirani wanaosaidiana kazi kwa zamu.

Mwethya yetu ni ya wanawake. Leo wako kwangu, wiki ijayo kwa Mbula, hivyo hivyo mpaka tunazunguka wote. Hakuna anayelipwa na hakuna bosi. Mwenye shamba hupika isyo, mahindi na maharagwe, hushika jembe kama wenzake, na wimbo ukianzishwa yeye ndiye wa kwanza kuupokea. Wimbo ndio unaoinua jembe. Kwa mikono hii na nyimbo hizi nililisha watoto wa Kiema miaka yote aliyokuwa majini.

Siku ya zamu yangu, tulipomaliza kuomba, Kiema alitoka nyumbani amevaa suruali ya kazi iliyopigwa pasi. Akatugawa makundi mawili, moja lichimbe na lingine lipumzike. Hilo tungelivumilia. Kisha akatuambia tuache kuimba, eti watu wanaoimba hawasikii amri, na baharia asiyesikia amri hukatwa mguu na kamba.

Syokau, ambaye hutupimia mteremko na ndiye mkubwa wetu kwa umri, alisimama akajipangusa uso. Akamuuliza bila ukali, akimwita kwa jina la kifungua mimba wetu, "Baba Muthama, jembe lako liko wapi?"

"Mimi nasimamia," Kiema akasema.

Wanawake waliangaliana. Mmoja akaweka jembe begani, kisha mwingine, wakashuka wote njia ya mtoni. Isyo ilikuwa bado jikoni, sufuria nzima. Kiema akanigeukia akasema wafanyakazi kama hao melini wangeteremshwa bandari inayofuata. Nikamwambia hapa hakuna bandari, kuna majirani tu, na ukishawafukuza hao huna wengine. Tulikula isyo ile baridi mpaka ikachacha, kila mtu na kona yake.

Nilikwenda kwa Syokau kuomba msamaha wa kosa ambalo si langu, na hilo liliniuma kuliko mtaro wenyewe. Hakunikaripia. Alisema watakuja Alhamisi.

"Lakini tuje vile tulikuwa tunakuja zamani," akasema, "bwana yako akiwa baharini. Siku hiyo tusimkute."

Basi nikarudi kumwambia mume wangu, niliyemngoja ujana wangu wote, aondoke nyumbani kwake. Nilimwambia akinoa panga. Aliacha kunoa.

"Kwa hivyo unanituma."

"Siku moja tu."

"Hata kapteni alikuwa ananiambia meli inaenda wapi," akasema, akaendelea kunoa.

Alhamisi alichukua koti lake akavuka bonde. Wanawake wakaja, na Mbula, huyo mchokozi, akaanzisha wimbo mpya waliokuwa wameutunga njiani: Kapteni wa kilimani, meli yako imekwama wapi? Wakaningoja niupokee, kwa sababu shamba ni langu, na mwenye shamba akikataa wimbo majembe yanalala. Mstari wa kwanza niliuimba nimekaza meno. Kisha meno yakalegea. Mambo yote niliyomnyamazia mtu yule yalipata mahali pa kutokea, nikaongeza mistari yangu mwenyewe, kuhusu rangi nyekundu, kuhusu mimba na vitambaa. Walicheka hadi Syokau akakaa chini. Tulichimba, tukarusha udongo upande wa juu, na jua lilipoinama mtaro ulikuwa umekwisha. Nilikuwa na furaha, na furaha ile ilinikasirisha.

Kiema alirudi jioni. Akautembea mtaro mwanzo hadi mwisho, akasema umenyooka, wale wanawake wanajua kazi. Kisha akaja akakaa jikoni, mahali ambapo huwa hakai.

"Nilikuwa ng'ambo ya bonde, kwa ngazi za kanisa," akasema. "Wimbo wote nilisikia."

Nilikoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

"Sauti yako niliijua kati ya zote. Huko majini nilikuwa najaribu kuikumbuka, inakataa." Akasogeza kigoda karibu na moto. "Sasa, Mama Muthama, wakija tena, nitakuwa naenda wapi?"

Tangu asubuhi nilikuwa nimejipangia majibu ya hasira, mengi na makali. Hakuna hata moja lililomfaa mtu aliyeuliza hivyo. Nikampakulia chakula.