Kicheko cha Mwalimu Fahmo

Kuna vicheko vya kuchekwa na kusahauliwa, na kuna vile vinavyobaki kwenye memori kadi. Mwalimu Fahmo alikuwa na cha namna hii ya pili, nacho kilimnyima usingizi wiki tatu.

Alifundisha Bayolojia katika shule moja ya kutwa mjini Isiolo. Masomo yake aliyarekodi kwa simu, akayafanya podikasti, na wanafunzi wakayabeba hadi makwao kusikofika mtandao. Alama zilipanda, sifa zikamlevya. Ndipo siku moja, kipindi kikirekodiwa, akamuuliza Nakal wa kidato cha pili, kwa Kiingereza, nundu ya ngamia imejaa nini. Msichana akababaika, akasema maji. Fahmo akaangua kicheko, akasema, kwa Kiingereza hicho hicho, hata mbuzi wa kwao wanamshinda akili. Darasa likavunjika mbavu. Jioni, akiisafisha rekodi, angeweza kukikata kipande kile. Alikiacha makusudi, eti kinachangamsha kipindi.

Kesho yake nusu ya mtaa wa Bulla Pesa ilikuwa nacho. Wiki haikuisha, Nakal akaacha shule.

Jumamosi ya tatu Fahmo alipanda pikipiki hadi kijiji cha Leparua, kwa kina Nakal. Baba yake Nakal, mzee Lobokat, alimpokea kwa mikono miwili.

"Habari mwalimu. Karibu, kaa. Si ni wewe wa kwa simu?"

Akatoa simu yake ya kabambe, akabonyeza. Mzee hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini kicheko kilipofika naye akacheka, palepale, bila kukosea.

"Hapo mwalimu amefurahia mtoto yangu," akasema. "Kila mgeni akikuja namwekea. Sasa huyu anakataa shule na hasemi ni kwa nini. Nimemchapa kwa hiyo uvivu. Mwalimu anampenda hivi, yeye anakaa tu nyumbani."

Nakal alisimama mlangoni, macho chini. Fahmo akaelewa: msichana alikubali kiboko kuliko kumwambia baba yake anajivunia kitu gani. Angeweza kunyamaza, na pengine mtu mwingine angenyamaza. Lakini moyo ulimsuta.

"Mzee, sikufurahi. Nilikuwa namcheka. Nilimuuliza nundu ya ngamia iko na nini, akasema maji, nikamtusi mbele ya wenzake."

"Nundu ni mafuta," mzee akasema. "Huyu anajua. Amekula hiyo tangu meno ya kwanza."

"Najua, baba," Nakal akasema. "Ni Kizungu ilinipotea."

Fahmo akaomba msamaha, kwa Nakal kwanza kisha kwa mzee, na kila neno alilotoa aliliona jepesi. Mzee Lobokat akairudisha rekodi nyuma, akaisikiliza tena hadi mwisho. Mara hii hakucheka. Akamwambia binti yake Jumatatu arudi shule, kisha akamnyooshea Fahmo simu.

"Toa hiyo."

Fahmo akaifuta.

"Sasa niwekee ingine," mzee akasema. "Yenye mtoto yangu anaongea."

Fahmo alikuwa na vipindi arobaini kwenye simu yake. Alivipitisha kimoja kimoja chini ya kidole, mzee akisubiri, ingawa mwenyewe alikwisha kukumbuka jibu. Katika vyote hivyo, Nakal hakuwahi kuulizwa swali lingine.