Kibao cha Bi Ummukulthum

Miaka ishirini! Yule Jennifer wa kamati ya vibao alinitamkia kwenye simu bila haya: mtu hawekewi kibao cha buluu chenye jina lake kwenye ukuta wa nyumba yake mpaka awe amekufa, na kifo chake kitimize miaka ishirini. Ndio utaratibu wao wa kuwakumbuka watu mashuhuri. Nikamwambia mama yangu yu hai, ana miaka themanini na tatu, na daktari keshakata tamaa na moyo wake. Akasema anasikitika. Kasikitike kwenu!

Miye Jokha si mtu wa kungojeshwa. Mama, Bi Ummukulthum, alikimbia Unguja baada ya mapinduzi. Nyumba ikachukuliwa, jina letu likafutika mtaani. Hapa Thamesmead, London, mwanamke wetu yeyote akifa, yeye ndiye humwosha na kumvisha sanda. Theluji, mvua, hospitali ya mbali, haambiwi mara mbili. Nilitaka aone jina lake ukutani macho yake yangali wazi. Basi.

Nikaenda Hounslow kwa Alnashir, mtengeneza mabango ya maduka. Akanitolea kibao cha duara, buluu ile ile ya vya wakubwa: "Hapa ndipo kwa Ummukulthum Abdulwakil, mwosha maiti wa wanawake wetu." Jumamosi asubuhi nikakipiga skrubu kando ya mlango. Mama akakisoma, akacheka mpaka akakohoa. "We mtoto una wazimu," akasema, lakini hakubanduka pale.

Lo, kumbe watu sikuwawaza! Jirani kakipiga picha, kaitia kwenye group ya Wazanzibari. Na nani asiyejua kuwa vibao vya London ni vya waliokufa? Kabla ya adhuhuri korido imejaa mabuibui. Bi Suad yuko mbele, analia, kabeba sanda na karafuu maiti, maana Mama mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuosha. Nyuma yake mabirika ya kahawa na misahafu ya khitma.

Mama ndiye aliyefungua mlango.

Bi Suad akapiga ukelele, sanda ikamponyoka. "Bi Ummu! Si umekufa wewe?"

"Bado. Ingieni, kahawa inapoa."

Wakaingia, wakacheka, wakalia upya. Kila mmoja akamtaja maiti wake aliyeoshwa na Mama: mama yake, dada yake, kichanga chake. Mama akasikiliza yote, ushungi umemlowa kwa machozi. Maneno hayo kwa kawaida husemwa mwenyewe keshafukiwa.

Saa tisa akatokea Jennifer. Picha imemfikia na yeye. Kibao kitoke leo hii, akasema, hakina kibali, tena kinawadanganya watu kuwa mwenyewe amekufa. Nikakunja mikono ya gauni, niko tayari kwa lolote. Mama akanisukuma kando, akamjibu kwa Kiingereza chake cha polepole:

"Waliodanganyika wako ukumbini kwangu, wamekuja kunizika. Hao wenu wenye vibao, nani anawalilia leo?"

Jennifer akachungulia ndani. Akasema atarudi na fundi.

"Mlete, atanikuta."

Mama akavuta kiti mpaka nje, akakaa chini ya jina lake. Halafu akamwita Bi Suad.

"Sanda kaiweke kabatini, itanifaa. Kibao hakitoki."