Jina Lake Lilikuwemo

Jumanne iliyopita nilimwambia mama yangu mzazi, mbele ya wauguzi wawili na foleni nzima, kwamba anasahau. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote ni ya mashine, na mashine hazina haya.

Mama ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilishazima, la kulia limebaki na upenyo mdogo, na kila mwezi upenyo unabana. Madaktari wageni wa macho huja hospitalini kwetu mara moja kwa mwaka, wanapasua kwa siku saba, wanaondoka. Miezi miwili iliyopita nilimsukuma mwenyewe aje ajiandikishe. "Nenda mapokezi, dirisha la tatu," nilimwambia, "Mama Kalamu ana mkono mwepesi." Jumanne wodini wakasoma orodha, jina lake halimo. Mimi ndiye fundi wa kompyuta hapa, kwa hiyo akaletwa kwangu. Nikatafuta, yeye kashika mkono wa shati langu. Hakuna.

"Niliandikishwa, mwanangu. Yule dada mwenye kalamu kichwani aliniuliza hata jina la babu yako."

"Mama, labda ulikuja ukakaa, ukarudi nyumbani."

"Niliandikishwa."

"Kompyuta haisahau, mama! Wewe ndiye unayesahau."

Akaachia shati langu. Dada yangu akaja kumchukua.

Sasa Jumatatu. Ilikuwa siku ya mwisho ya wale madaktari, wangefunga kazi saa sita mchana. Saa mbili asubuhi, hata mkoba sijauweka chini, Mama Kalamu ananipigia kelele kutoka dirisha lake.

"Fundi! Fundi wee! Kompyuta imegoma, na watu hawa, wamefika hadi nje!"

Mapokezi yana madirisha manne. Matatu yalikuwa yanasajili wagonjwa kama kawaida. La kwake tu ndilo lilikuwa linasema seva haipatikani.

"Umegusa nini?"

"Sijagusa kitu."

"Nyie huwa hamgusi kitu. Mashine zinajigusa zenyewe."

"Fundi, leo umeamkia upande gani? Nimeiwasha, nimeandika neno la siri, imenikatalia. Na wiki iliyopita nilikwambia tena wodini wanalalamika hawawaoni wagonjwa wangu. Ukanijibu nini? Nijifunze kubonyeza 'hifadhi'."

Kweli nilimjibu hivyo. Nikaingia chini ya meza. Kebo imekaa sawasawa, taa ya kijani inapepesa. Nikabadilisha kebo hata hivyo. Nikazima, nikawasha. Nikaing'oa programu nzima, nikaiweka upya, huku nikimnung'unikia yeye na vidole vyake. Wapi! Saa mbili zikakatika hivyo. Mzee mmoja kwenye foleni akasema kwa sauti, makusudi nisikie, "Na huyu ndiye mtaalamu."

Jambo la kufanya kwanza nililifanya mwisho. Kompyuta hazijuani kwa majina, zinajuana kwa namba. Seva, ile mashine kuu inayotunza kumbukumbu za wagonjwa, sisi tunaiita "sajili", na kompyuta ikitaka kuongea nayo huuliza kwanza: sajili ni namba ngapi? Ipo mashine moja ya kujibu swali hilo kwa hospitali nzima. Nikaenda dirisha la pili, nikauliza. Ikanijibu namba inayoishia na arobaini. Nikarudi la tatu, nikauliza swali lile lile. Kumi na mbili.

Kumi na mbili ni seva ya zamani. Tuliihama miezi mitatu nyuma, lakini mkuu wangu akasema, "Iacheni iwake, huenda tukaihitaji." Ikawa inanguruma kwenye kona yake mpaka asubuhi ile, mkuu alipoichomoa mwenyewe apate pa kuchomeka feni.

Kila kompyuta ina kifaili kidogo ambamo unaweza kuandika jina na namba kwa mkono, na ikiona hapo haiulizi kwingine. Nikakifungua. Mstari mmoja: sajili, kumi na mbili. Pembeni: "Ya muda tu, nitaiondoa Ijumaa." Maneno yangu mimi. Mwaka juzi ile mashine ya kujibu namba ilikuwa inazimika kila mchana, nami nimechoka kuitwaitwa, nikaiandika namba ile kwenye madirisha yote manne. Tulipohama nikaifuta kwenye matatu. La tatu lilikuwa na watu wengi siku hiyo, nikasema nitarudi kesho. Jamani, kesho hiyo!

Kwa hiyo dirisha lile halikuharibika asubuhi ile. Miezi mitatu mizima Mama Kalamu alikuwa anasajili watu vizuri kabisa, kwenye seva ambayo hakuna anayeisoma.

Nikakimbia, nikaichomoa feni ya mkuu, nikaiwasha ile seva ya zamani. Wagonjwa wa macho waliokwama humo walikuwa kumi na mmoja. Mama alikuwa wa nne, pamoja na jina la babu. Nikachapisha karatasi, nikashuka ngazi mbio hadi wodi ya macho.

Muuguzi mkuu alikuwa anakunja shuka. "Wamemaliza mapema, fundi. Gari limeondoka sasa hivi. Mgonjwa wa mwisho shinikizo la damu lilipanda, wakashindwa kumpasua. Tumekaa saa nzima na meza tupu, tukiuliza kama kuna mwingine."

"Watarudi lini?"

"Mwakani."

Mkuu wangu akanikuta kwenye ngazi, akaniambia niandike kwamba mhudumu wa dirisha la tatu alikosea. Nikamwambia aandike yeye na feni yake. Nikaenda kwa dada yangu.

Dada akanipokea mlangoni kwa sauti ya chini. "Tangu Jumanne amekataa kupika. Anasema atasahau moto. Ameniachia na funguo zake. Kila kitu ananiuliza mara mbili, eti ahakikishe."

Mama alikuwa amekaa kitandani, mikono mapajani. Nikapiga magoti.

"Mama, uliandikishwa. Jina lako lilikuwemo. Kosa ni langu mimi."

"Niliandikishwa?"

"Ndiyo, mama. Lakini madaktari wameshaondoka. Mpaka mwakani, na jicho..."

Hakunisikia huko mwisho, au hakutaka. Alimshika dada mkono, anautikisa.

"Umesikia? Akili zangu ziko! Siku zote hizi nalala nikijiuliza nitasahau nini tena, nitawasahau nyie! Hebu sema tena, mwanangu."

"Uliandikishwa, mama."

"Sema tena."

Nikasema tena, nalia kama mtoto. Yeye alikuwa anacheka kwa furaha, uso kauelekeza kwenye kiti kitupu kilichokuwa pembeni yangu.