Siku ya Kufunga Lango

Fintan Mulchrone alikuwa na haki ya kuifunga njia siku moja kila mwaka, na mwaka huu aliichagua Alhamisi ya mwezi wa Machi, jambo lililowashangaza majirani zake wote kule Mayo, magharibi mwa Ireland.

Njia yenyewe zamani ilikuwa ya treni. Treni ziliacha kupita kabla Fintan hajazaliwa, vyuma vikang'olewa vikauzwa, likabaki tuta linalokwenda taratibu kati ya kinamasi na mlima, bila mwinuko wa kumtoa mtu jasho, maana treni haipendi vilima. Halmashauri ilipoomba kulimwagia kokoto ili wapite watu wa baiskeli, wakulima ambao tuta linapita mashambani mwao walikubali kwa midomo, mioyo ikasita. Mwanasheria akawaambia wafunge malango yao walau siku moja kwa mwaka, la sivyo njia ingekuwa ya umma milele. Basi wote hufunga siku ya Krismasi, ambayo hata mbwa hapiti. Fintan naye alikuwa akifanya hivyo hivyo.

Lakini kila Alhamisi Attracta Ginty, mjane anayeishi ng'ambo ya daraja, hupita kwa baiskeli akienda mjini kununua nyama. Hupunga mkono, Fintan naye hupunga, na kwa miaka yote, hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao. Ubaya wa njia isiyo na mwinuko ni kwamba mtu hapati sababu ya kushuka kwenye baiskeli. Sasa kanisani habari zilikuwa zimeenea kuwa baada ya Pasaka Attracta anahamia Galway, mji wa mbali, kwa binti yake, Orla. Fintan alipozisikia alikosa usingizi, akapoteza hamu ya chakula, na mwishowe akanunua kufuli.

Alhamisi hiyo alifunga lango lililo mbele ya nyumba yake, akatundika kibao, akaketi na chupa ya chai na vikombe viwili. Walifika kwanza Wajerumani wawili, mume na mke, wakasoma kibao mara mbili, wakashukuru, wakageuza. Kisha akaja jirani yake, Packie Moran, mtu asiyeshukuru wala kugeuza.

"Leo umemfungia nani? Kondoo?"

"Ni sheria, Packie."

"Na kikombe cha pili ni cha sheria?"

"Ni cha akiba. Hiki kikivunjika."

Packie akavitazama vikombe, ambavyo vilikuwa vya bati, akairusha baiskeli yake upande wa pili, akaliparamia lango na kwenda zake akipiga mluzi. Fintan aliudhika.

Attracta alipotokea darajani, Fintan alisimama. Wiki nzima alikuwa amewahutubia ng'ombe maneno mazuri mno. Attracta aliposimama, maneno yote yakayeyuka, na kilichomtoka ni maelezo ya sheria, tangu mwanzo hadi mwisho. Mwanamke alisikiliza bila kumkatiza. Akauliza kama barabara kuu nayo imefungwa. Fintan akasema hapana, ipo wazi, kwa kuwa hakuwa mtu wa kusema uongo hata ulipohitajika.

Attracta hakwenda barabara kuu. Aliegemeza baiskeli kwenye lango, akanyoosha mkono, akapewa chai. Akaeleza kwamba Orla amekwisha kumnunulia kitanda. Fintan akasema kitanda kizuri ni jambo zuri. Papo hapo akatamani kinamasi kimmeze.

Mvua ikaanza.

"Hulifungui, Fintan?"

"Nikilifungua kabla ya jioni naipoteza haki yangu."

"Haki ya nini hasa?"

"Ya kumzuia mtu."

"Mtu gani?"

Fintan alilitazama kufuli. Masikio yake yalikuwa yanawaka kwa aibu.

"Wewe. Sitaki uende Galway."

Attracta aliinywa chai yake mpaka tone la mwisho.

"Alhamisi zote hizo, ungenisimamisha."

"Nilikuwa nakupungia mkono."

"Mimi nilidhani unaniaga."

Fintan akatoa ufunguo mfukoni, sheria ikafie mbele. Attracta akauzuia mkono wake juu ya lango.

"Acha. Usipoteze haki yako. Nitangoja."

Akangoja, yeye upande ule, Fintan upande huu, koti la Fintan likiwa mabegani mwa Attracta. Wakazungumza habari za kondoo, za marehemu mumewe, za Packie.

Jioni Fintan alifungua kufuli kama sheria inavyotaka, akalisukuma lango. Njia ilikuwa wazi na tupu mpaka mjini. Attracta alisukuma baiskeli yake hatua chache tu, akaiegemeza kwenye ukuta wa nyumba ya Fintan, akauliza kama ndani kuna chochote cha kula, maana nyama hakununua.