Cheti cha Maikromita

Kiwandani walimwita Unywele. Katika miaka kumi na tisa ya kukagua shafti za pampu za maji, hakuna kosa lililompita, hata liwe jembamba kama unywele, na jina lilimganda.

Meza yake ilikuwa kando ya dirisha, mbali na vumbi la mashine, na chombo chake cha kutegemewa kilikuwa kimoja tu: maikromita kubwa ya kupimia unene wa shafti, ambayo wachongaji wote walirekebisha mashine zao kwa kuifuata. Hiyo haifungi mpaka sifuri. Ukitaka kujua kama inasema kweli, lazima uibane kwenye kipande cha chuma cha milimita ishirini na tano kamili. Kila asubuhi, kabla hata hajavua mtandio, Unywele alianza na kipande hicho.

Kila mwaka kampuni ya nje ilimtuma fundi wa vipimo kuja kuihakiki. Mwaka huo alifika amechelewa, jasho linamtiririka, simu kaibana kati ya sikio na bega, akiomba radhi kwa mteja mwingine aliyekuwa akimsubiri. Alikipangusa kile kipande kwa tambara, akakibana, akarekebisha, akabandika stika ya kijani, akagonga muhuri kwenye cheti. Unywele alikuwa ameitwa stoo mara moja. Aliporudi, fundi hayupo, na kipande kimeondoka naye.

"Aa, samahani dada'angu, kimeingia kwenye mkoba bila mimi kujua," fundi alisema kwenye simu. "Nimeshafika mbali. Nitakuletea nikipita tena. Ila ondoa shaka, mashine yako iko sawa kabisa."

Kesho yake, mzee anayefunga beringi, zile pete za chuma ambamo shafti huzunguka, alikuja mezani na shafti mkononi.

"Binti yangu, beringi zinagoma kuingia. Nazipigilia kwa nyundo."

"Zote?"

"Zote za tangu jana."

Unywele alipima. Milimita thelathini barabara. Akapima tena, yale yale. Lakini alipojaribu kuivisha beringi kwa mkono, iligoma palepale mwanzoni. Akaichukua shafti, akaenda nayo kwa meneja.

"Maikromita inadanganya, bosi. Tusimame kwanza mpaka kipande kirudi."

Meneja alifungua faili, akagonga cheti kwa kidole. "Hii ina muhuri. Wewe una muhuri?"

"Sina. Nina mkono."

"Mkono hauingii kwenye faili, Unywele. Beringi ni za muuzaji mpya, huenda ndizo zinazobana. Lori linapakia Ijumaa."

"Basi mimi sisaini."

"Usiposaini wewe, nitamweka mwingine hapo, asiyejua hata kuishika. Unataka hivyo?"

Hakutaka. Akasaini, karatasi baada ya karatasi, wiki mbili nzima, huku nyundo ya mzee ikilia upande wa pili wa ukuta. Nyumbani mumewe alimuuliza mbona hali chakula. Akamweleza.

"Si umeshasema?" mume alimwambia. "Umesema, hawakusikia. Ufanyeje tena?"

Alikuwa anamfariji, lakini maneno hayo yalimkata maini.

Fundi alirudi Alhamisi, wiki hizo mbili zilipokwisha. Unywele alimpokonya kisanduku cha kile kipande, akakibana kipande mbele yake. Badala ya ishirini na tano, maikromita ilisoma pungufu kwa sehemu tatu za mia za milimita. Maana yake shafti zote zilikuwa nene kupita kiasi, na pampu mia mbili na kumi zilikuwa zimeshasambaa.

Fundi akageuka rangi. Alitazama kile kipande, akatazama tambara lake lililochakaa, likimwaga nyuzi.

"Ni unyuzi," alisema polepole. "Ulibaki kati ya kipande na maikromita nilipokuwa naibana. Kosa ni langu, dada."

"Basi liandike."

Fundi alichukua dakika nne kurekebisha. Kisha akaandika kwenye fomu: *Imehakikiwa, iko sawa.*

"Hilo ni la leo," Unywele alisema. "Andika na la siku ile."

"Mwaka huu nimeshaandikiwa makosa mawili. La tatu hawaniachi. Nina mama mgonjwa ndani, dada'angu, ananitegemea mimi tu." Machozi yalimlengalenga, mwanaume mzima.

Unywele alikuwa amejiandaa kumfokea. Hakumfokea. Akaenda tena kwa meneja peke yake, na meneja akamsikiliza mpaka mwisho, jambo lililomtisha zaidi.

"Aliandika?"

"Hakuandika."

"Basi hakuna kilichotokea," meneja alisema, bila ukali. "Tuombe Mungu zidumu."

Pampu ya kwanza ilirudi baada ya mwezi, kutoka zahanati fulani. Beringi ilikuwa imeungua mpaka ikawa ya bluu, imeng'ang'ania shafti kama imechomelewa. Meneja alifunua karatasi za ukaguzi. Saini ilikuwa ya Unywele, safi, inasomeka vizuri.

Simu ikalia. Meneja alisikiliza kidogo, kisha akamkabidhi Unywele. "Wanamtaka aliyekagua."

Alikuwa muuguzi wa zahanati ile, sauti imechoka. "Dada, mnatuambiaje? Tangu Jumanne tunabeba maji kwa ndoo, na wodini nina akina mama wazazi watano. Pampu ilikuwa mpya kabisa. Imekuwaje?"

Unywele alimtazama meneja. Meneja alitazama dirishani.

"Nitawaambia wakubwa," alisema.

"Waambie leo," muuguzi alisihi. "Tafadhali, leo."

"Leo," Unywele alijibu, na simu ilipokatika aliendelea kuishikilia sikioni, kwa kuwa hakujua baada ya hapo afanye nini.