Kompyuta Iliyokataa Sauti ya Tano

Kitinda alikuwa mwoka mikate, na ndiye wa mwisho katika watoto saba wa mama yake. Ndugu walipoamua kumwimbia mama siku atakayotimiza miaka themanini, kazi ya kuunganisha sauti iliangukia kichwani kwake. Wenzake walikuwa wametawanyika kila upande wa dunia na hakuna aliyepata ruhusa ya kuja. Kila mmoja akajirekodi kwa simu, akiimba ule wimbo aliowaimbia mama alipokuwa akiwaogesha, akamtumia Kitinda ili azipange sauti zote zisikike pamoja.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kizee cha mezani, aliyopewa mumewe ofisini ilipokaribia kutupwa. Sauti ya kwanza iliingia, na ya pili, mpaka ya nne. Ya tano ilipoingia tu, kioo kikaganda. Akazima, akawasha. Ikaganda tena, kwa kiburi kabisa.

"Punguza wawili," mumewe akashauri. Alikuwa mhasibu, mtu mpole, kila tatizo kwake ni hesabu ya kutoa tu, likaisha.

"Nani na nani? Na wewe ndiye utakayewapigia simu kuwaambia?"

Mhasibu akaizima kompyuta.

Habari zikavuja, maana ukoo ule haujui siri. Wa kwanza kupiga simu alikuwa Kaka Mkubwa, dereva wa lori.

"Mdogo wangu, najua nitaachwa mimi. Tangu zamani mnasema naimba kama lori linalorudi nyuma."

"Hakuna atakayeachwa, kaka."

"Niambie tu ukweli. Nitavumilia," akasema, kwa sauti ya mtu asiyeweza kuvumilia hata dakika moja.

Akafuata dada yao nesi, kumkumbusha nani alimbeba mgongoni utotoni. Wakafuata pacha, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja akimponda mwenzake. Kitinda alicheka, kisha akalia kidogo jikoni. Afadhali kusiwe na wimbo kabisa kuliko mama asikilize wimbo wenye pengo.

Fundi kompyuta aliichungulia mara moja tu. "Mashine nzima hii. Memori ndiyo ndogo. Unataka kuandaa karamu juu ya kigoda, dada." Akawauzia vibao viwili vya memori, vikubwa zaidi. "Chomoeni umeme kwanza. Halafu bonyezeni mpaka msikie 'ta' kila upande."

Nyumbani mhasibu alivua saa, akanawa mikono kama daktari wa upasuaji, akafungua kasha. Vumbi likampigisha chafya tatu. Akang'oa vibao vya zamani, akaweka vipya taratibu, kama anayemlaza mtoto mchanga. Wakawasha. Kioo kikabaki cheusi, na kompyuta ikaanza kulia: bip, bip, bip.

"Nimeiua," mhasibu akasema, rangi imemtoka.

"Umesikia 'ta'?"

"Sikutaka kuiumiza."

"Chomoa waya. Sogea." Kitinda alikuwa na mikono iliyokanda unga miaka mingi.

"Polepole, mke wangu!"

"Hiyo polepole yako ndiyo imetufikisha hapa." Akabonyeza. Ta! Upande wa pili, ta! Na kibao cha pili vivyo hivyo.

Safari hii kioo kiliwaka. Akaingiza sauti ya tano. Akaingiza ya sita, ya Kaka Mkubwa. Kweli aliimba kama lori, lakini chini ya wenzake sauti yake ilikuwa sakafu na wote wakasimama juu yake. Kitinda alimkamata mumewe wakacheza mpaka bisibisi ikaanguka chini ya kabati. Furaha aliyokuwa nayo haikuwa na mfano.

Siku ya sherehe waliibeba kompyuta hadi sebuleni kwa mama. Wimbo ulipoanza, mama alifumba macho, akawa anamtambua kila mmoja kadiri alivyomsikia. Alipofika kwa Kaka Mkubwa akacheka hadi akashika mbavu. "Huyu hajabadilika!" Wageni wakapiga makofi. Mama hakupiga.

"Rudia," akasema. Wakarudia. Akamgeukia binti yake. "Na wewe?"

"Mimi nini, mama?"

"Wewe umo wapi?"

Kitinda akazihesabu sauti kwenye kioo: sita. Siku zote hizo alikuwa akipigania nafasi za wenzake, wala hakukumbuka kuwa na yeye ni mtoto wa mama huyo. Mumewe akainamisha kichwa. Pamoja na hesabu zake zote, naye hakuliona hilo.

"Au nafasi imeisha?" mama akauliza, akiisonta mashine kwa kidevu.

"Nafasi ipo, mama. Ipo tele."

"Basi imba. Nakungoja."

Mhasibu akamshikia simu irekodi. Kitinda alianza vizuri, mstari wa pili sauti ikakatika kwa kilio. Mama akamshika mkono, akaushika wimbo pale ulipoangukia, wakaumaliza pamoja. Walipoiingiza sauti ile kati ya zile sita, kompyuta haikuganda. Mama akasikiliza wanawe wote wakimwimbia, naye mwenyewe yumo katikati yao, na safari hii ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi.